Maji yazunguke vipi ndani ya tangi la matumbawe: maelezo ya fundi wa mabomba, Malindi

Nikiitwa nyumba yoyote hapa Malindi kuangalia tangi la matumbawe linalosumbua, sianzi na vipimo vya chumvi. Naomba chakula kikavu cha samaki kidogo tu, nakisaga kwa vidole mpaka kiwe unga, nauachia unga ule mbele ya pampu na kuufuata kwa macho. Utanionyesha maji yanapita wapi, yanajizungusha wapi bila kutoka, na wapi yamelala kabisa. Mara nyingi shida iko hapo, wala haitibiki kwa ile chupa ya dawa ambayo mwenye nyumba ameshainunua.

Kazi yangu ya kila siku ni mabomba: matangi ya paa, pampu za visima, vyoo. Kwenye matumbawe niliingia kwa sababu nyumba moja upande wa Casuarina walitaka mtu wa kuwaunganishia bomba zisizovuja, na tangu hapo nimekuwa nikiyatunza. Basi natazama tangi kwa jicho la mtu wa maji, na ninalotaka ulishike kabla hujatoa pesa ni hili: matumbawe yanataka maji yanayogeuka. Nguvu ya pampu ni hesabu ya baadaye.

Panda boti ya kioo uende kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi, ile iliyotangazwa pamoja na ya Watamu mwaka 1968, ukaangalie mwenyewe. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kina hupita mita 3. Juu ya hapo kuna mawimbi yanayosukuma na kurudisha kila baada ya sekunde chache, na pepo za kusi na kaskazi zinazopokezana kwa misimu. Tumbawe lililo pale halipigwi ubavu mmoja kutwa kucha. Sasa rudi nyumbani, utakuta pampu moja imebandikwa kioo cha kushoto, inasukuma maji kulia mchana na usiku, mwaka mzima. Upande mmoja wa tumbawe umechubuka, upande wa pili umejaa uchafu, na mwenye tangi anataka kununua pampu kubwa zaidi.

Ukienda hifadhini, enda kwa macho tu. Mle ndani huruhusiwi kuondoa hata kipande kilichokufa, na matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Vya kuweka tangini ni vipande vilivyokuzwa tangini, vyenye karatasi zake. Kwa hilo sina mjadala na mteja yeyote.

Kwa nini maji yatembee

Tumbawe halihami. Chakula chake, hewa yake na taka zake vyote vinabebwa na maji. Juu ya ngozi yake kuna tabaka jembamba la maji yaliyotulia, na kila kitu kinachoingia au kutoka lazima kipenye humo. Mkondo ukiwa dhaifu tabaka hilo linanenepa, na tumbawe linakosa pumzi hata kama maji ya tangi ni safi kabisa. Mchana, mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake hutengeneza oksijeni nyingi kuliko inayotumika, na ziada hiyo ibebwe iende. Usiku kazi inageuka: mwani hautengenezi kitu, tumbawe na samaki wote wanavuta oksijeni ileile, na maji ndiyo yailete.

Kwetu pwani jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya joto. Maji ya chumvi yenye nyuzi 28 yanashika takriban miligramu 6.4 tu za oksijeni kwa lita, wakati maji ya mtoni yasiyo na chumvi kwa joto hilohilo yanashika karibu 7.8. Wazee wa bahari hapa wanaukumbuka mwaka 1998, matumbawe yalipopauka na kufa kwa wingi katika Bahari ya Hindi magharibi. Mwaka 2001 watafiti Nakamura na van Woesik, waliofanyia kazi Okinawa, Japani, walionyesha kwamba matumbawe yaliyokuwa kwenye mkondo wenye nguvu yalistahimili kupauka vizuri kuliko yale ya maji yaliyotulia. Kwa hiyo mwezi Machi, bahari na nyumba zote zikiwa zimepata joto, mzunguko mzuri ni kinga ya kweli.

Pampu ya kupandisha maji

Tangi zuri lina tangi la pili chini ya meza, lenye chujio na skima, chombo kinachotoa uchafu kwa povu. Maji yanafurika kutoka juu, yanashuka chini, pampu inayapandisha tena. Watu wanaitegemea pampu hii izungushe kila kitu, na hapo ndipo pesa zinapopotea. Kazi yake ni kupeleka maji kwenye chujio na kuondoa ule utando wa mafuta unaokaa juu. Kusukuma maji katikati ya matumbawe ni kazi ya pampu za mkondo, nitazifikia.

Tuchukue tangi la sentimita 120 kwa 60 kwa 55. Kwa hesabu ni lita 396. Toa mawe, mchanga na nafasi ya juu, unabaki na kama lita 340. Kupandisha mara 5 kwa saa kunatosha, yaani lita 1,700 hivi. Lakini usiende dukani kununua pampu iliyoandikwa 1,700. Namba ya kwenye sanduku imepimwa bila maji kupanda popote. Pampu iliyoandikwa lita 3,000 na urefu wa mwisho mita 3, yaani haiwezi kupandisha maji zaidi ya hapo, ukiipandishia maji mita 1.4, itakupa karibu nusu ya ile namba, na kila kona ya bomba inapunguza tena kidogo.

Usikisie, pima. Elekeza bomba la juu kwenye ndoo ya lita 20 na uangalie saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 45, unapata lita 1,600 kwa saa. Kipimo hicho andika ubavuni mwa meza kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa sababu utakirudia.

Bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Penye kona ya nyuzi 90, weka mbili za nyuzi 45 kama nafasi inaruhusu. Na hapa nakuomba sana: usiweke valvu ya shaba, ile ya manjano inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Kwa nyumba ni nzuri, kwa tangi ni sumu, kwani shaba inaua matumbawe, konokono na kamba. Mabati nayo yasiguse maji haya. Plastiki tupu, mwanzo hadi mwisho, pamoja na ule utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za bomba.

Halafu kuna swali ambalo kila tangi la Malindi lazima lilijibu: stima ikikatika, maji yataenda wapi? Pampu ikisimama, bomba linageuka na kuanza kunyonya maji ya juu kuyarudisha chini mpaka mdomo wake upate hewa. Kwa tangi la mfano wetu, kila sentimita 1 ya maji ya juu ni lita 7.2. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 3 chini ya uso wa maji, zitashuka lita 21 na zaidi, pamoja na maji yaliyomo ndani ya bomba na kwenye kisanduku cha kufurikia. Lazima tangi la chini liwe na nafasi ya lita 30 tupu muda wote. Unaweza kutoboa tundu la milimita 4 au 5 kwenye bomba, karibu kabisa na uso wa maji, ili livute hewa mapema. Litoboe, ila usiliamini peke yake, kwani mwani na konokono huliziba. Valvu ya kuzuia maji kurudi nayo hukwamishwa na chokaa. Nafasi tupu ndiyo isiyoharibika. Jaza tangi, zima pampu makusudi ukiwa umesimama hapo, uone maji yanaishia wapi, na kwenye tangi la chini uchore mstari wa mwisho wa kujaza.

Mawe kwanza

Kabla ya pampu za mkondo, panga mawe. Ukijenga ukuta kutoka kona hadi kona hakuna pampu itakayokuokoa, kwa sababu nyuma ya ukuta kutakuwa na jaa. Acha sentimita 8 hadi 10 kati ya mawe na kioo cha nyuma. Jenga visiwa viwili vyenye mlango katikati, na mapango yawe na tundu la kuingia na la kutokea. Mkono wako upite kila mahali. Usipopita mkono, hata kusafisha hutaweza. Mchanga uwe wa chembe za milimita 1 au 2 ili usipeperushwe, na uwe wa chokaa. Wa ufuo wa mjini umechanganyika na udongo unaoletwa na mto Sabaki, haufai.

Maji ya bahari nayo, kama unachota badala ya kuchanganya chumvi ya pakiti, yachote yakiwa yamejaa, siku ambayo Sabaki haijachafua. Wakati wa kaskazi tope la mto husukumwa kusini kuja upande wetu, na mvua za vuli zikiwa nzito unaliona kwa macho. Vumbi lile laini likiingia tangini, mkondo mzuri utalibeba na kulitandaza juu ya matumbawe yote.

Pampu za mkondo

Hizi hubandikwa ndani ya kioo kwa sumaku. Kwa matumbawe laini na yale yenye nyama nyingi, jumla ya mkondo iwe mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kwa saa. Kwa yale ya matawi, kama Acropora, anzia mara 30 na upande. Kwa tangi letu la lita 340, pampu mbili za lita 6,000 kila moja zinatoa karibu mara 35. Napenda mbili za wastani kuliko moja kubwa, na sababu si bei. Moja kubwa inatoa mkondo mwembamba wenye hasira unaochana nyama ya kilicho mbele yake. Mbili zinaweza kupokezana, na zikipokezana maji yanageuka.

Ziweke ncha mbili za tangi, sentimita 10 hadi 15 chini ya uso wa maji, zikitazama juu kidogo. Zisielekezwe kwenye tumbawe lolote lililo karibu. Zielekeze kwenye kioo cha mbele kwa mshazari, maji yagonge, yatawanyike, yarudi kwa nyuma ya mawe. Pampu zenye kidhibiti zinakuruhusu kupanga: ya kushoto ifanye kazi kwa muda wa saa 6, ya kulia ipokee kwa saa 6 nyingine, kama maji yanavyojaa na kupwa, na ndani ya saa hizo ziongeze na kupunguza kila sekunde kadhaa. Kama huna kidhibiti, swichi mbili za saa za kawaida zinatosha kwa kupokezana, mradi pampu zako zinastahimili kuwashwa na kuzimwa.

Uso wa maji lazima utikisike. Si lazima ububujike. Utikisike tu kiasi kwamba taa inapochora mistari juu ya mchanga, mistari ile icheze. Hewa inaingia na kutoka hapo. Mzee mmoja anayelinda nyumba ya mteja wangu alinipigia simu: "Mwanangu, pampu zote zinazunguka, mbona samaki wamepanda juu wanahema?" Nikamwambia, "Mzee wangu, hebu tazama zimeelekea wapi." Kumbe mtu alizishusha zitazame mchangani ili zisirushe matone kwenye ukuta uliopakwa rangi mpya. Alizigeuza juu, na jioni alinipigia tena kuniambia samaki wamerudi chini.

Sasa pima kasi. Bandika utepe wenye alama za sentimita 50 kwenye kioo cha mbele, achia unga wa chakula, hesabu sekunde. Sentimita 50 kwa sekunde 5 ni kasi ya sentimita 10 kwa sekunde. Penye Acropora natafuta 10 hadi 25. Penye matumbawe laini, au yale yenye mikono mirefu kama Euphyllia na Goniopora, 5 hivi zinatosha. Hapo utaona kwamba tangi moja lina mitaa yake: juu karibu na pampu kuna dhoruba, chini kwenye kona kuna utulivu. Tumia tofauti hiyo. Usijaribu kulifanya tangi zima liwe sawa. Peleka kila tumbawe kwenye mtaa wake.

Kusoma matumbawe yenyewe

Vipimo vikiisha, tumbawe ndilo linalosema. Mikono midogo ikiyumba huku na huku na kurudi, pameiva. Ikiwa imelala upande mmoja kama nywele kwenye upepo na hairudi, mkondo ni wa upande mmoja. Nyama ikiwa imejikunja na mifupa kuchungulia upande unaotazama pampu, ondoa tumbawe hapo leo, usingoje kesho. Euphyllia ikivutwa nyama yake juu ya kingo kali za mifupa yake itachanika, na jeraha hilo huoza haraka.

Upande wa pili: ukiona ute na vumbi vimekaa kati ya matawi, au utando mwekundu unatambaa juu ya mchanga kwenye kona moja tu, maji hayafiki. Utando ule unapenda maji yaliyolala yenye lishe nyingi. Unyonye kwa mpira wa maji, halafu geuza pampu kidogo kuelekea hapo. Tumbawe laini la Sarcophyton lina tabia ya kufunga siku kadhaa na kuvua ngozi ya nta. Hilo si ugonjwa, ila linahitaji mkondo wa kuiondoa ngozi hiyo.

Ukibadilisha, badilisha kitu kimoja: sogeza pampu kidogo, subiri siku tatu nne, tazama tena. Matumbawe hayajibu kwa saa moja.

Wakati wa kulisha, simamisha pampu ya kupandisha kwa dakika 10, na za mkondo zipunguze hadi chini kabisa, chakula kielee badala ya kunyonywa na chujio. Weka kengele kwenye simu. Pampu iliyosahaulika imezimwa usiku kucha inaweza kuua tangi zima.

Stima ikikatika

Usiku ndio wakati mbaya. Tangi lenye samaki wengi, bila mkondo, linaanza kukosa oksijeni kwa saa chache. Kitu cha kwanza kununua baada ya pampu ni pampu ndogo ya hewa inayotumia betri na kujiwasha yenyewe. Kinachofaa zaidi ni pampu ya mkondo ya volti 12 inayokubali betri moja kwa moja. Betri ya volti 12, ampea-saa 7, ina wati-saa 84. Pampu ya wati 5 kwenye karatasi ingetembea saa 16, lakini betri za risasi hazipendi kunywewa zaidi ya nusu, basi hesabu saa 8. Pampu moja ikitikisa uso wa maji inatosha. Chujio na taa vingoje. Usipokuwa na chochote, chota maji kwa jagi la plastiki na uyamwage kutoka juu, dakika chache kila mara, na umwambie yeyote aliye nyumbani akupokee.

Nyaya zote zishuke chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda, ili tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Weka swichi inayokata umeme unapovuja. Na kabla ya kutia mkono majini, chomoa.

Kusafisha

Maji ya joto yenye kalisi nyingi huvisha pampu chokaa upesi. Kila mwezi itoe pampu moja, si zote siku moja, ifungue, itie kwenye siki ya jikoni iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa saa moja, isugue kwa mswaki wa zamani, isuuze. Angalia mhimili wa rota, ile sehemu inayozunguka ndani ya pampu, kama umelika au umepasuka, na mpira wake kama bado upo. Kisha rudia kile kipimo cha ndoo. Kama mwanzo ilijaa kwa sekunde 45 na sasa inachukua 60, umepoteza robo ya maji, na bomba nalo linahitaji kupitishiwa brashi ndefu.

Matumbawe yakikua, hesabu inaharibika bila pampu kubadilika. Acropora iliyokuwa na ukubwa wa kidole inakuwa kichaka, inaziba njia ya maji kwa wenzake na katikati yake yenyewe panaanza kufa. Kwa hiyo kila miezi sita hivi nasaga tena unga wa chakula, nauachia mbele ya pampu zote mbili kwa zamu, na nachora kwenye karatasi njia mpya za maji. Palipofungwa, nasogeza pampu au nakata tawi. Tawi lililokatwa nalibandika kwenye jiwe dogo kwa gundi ya jeli ya sianoakrilati, nalipeleka mahali penye mkondo wa kati, na naliacha bila kuligusa mpaka lishike.